Sauti ya Bibi Harusi Kilimani

Nianze na raha yenyewe, maana mimi si mtu wa kuficha furaha: kilima tulikipanda. Tulikipanda mimi, wifi yangu, na kile kichwa cha treni ambacho stesheni nzima ilishakiita mkosi, na mkaguzi alikuwamo humohumo, amekaa nyuma yetu kwenye kiti cha kukunja. Anayesema tulibahatisha aje aniambie usoni. Nipo, sijahama.

Sasa nirudi nyuma mnielewe.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni dereva wa treni za mizigo. Kazini mkimya, nyumbani mdomo upanga. Wenzake wanamwita Mama Kibao, kwa sababu hajawahi kuona kibao kando ya reli asikitii. Kibao kikisema mwendo ishirini, yeye ishirini. Kikisema piga honi, atapiga honi hata kama mbele hakuna kuku wala paka. Madereva wengine wanamcheka sana, lakini ukija mzigo wa vioo utawasikia wenyewe: "Mpeni Mama Kibao."

Ndiyo maana niliposikia kwamba amekata kiungo cha mabehewa kilimani nilidhani nataniwa.

Alikuwa anapandisha mabehewa ya saruji. Kile kilima ni kirefu, na karibu na kilele reli inapinda na mwinuko unazidi. Kabla hajafika kwenye kona, kiungo cha behewa la tatu kikakatika. Breki za nyuma zikajibana zenyewe kama zilivyotengenezwa, mabehewa yakasimama palepale, hakuna aliyeumia hata ukucha. Lakini chuma kinene namna ile kikikatika lazima apatikane wa kulaumiwa. Mkaguzi akaja, akakaa, akauliza, akaandika: dereva alivuta kwa pupa.

Pupa! Wifi yangu! Mtu ambaye chai yake inapoa mpaka inaota utando kabla hajafika katikati ya kikombe!

Wakamtoa njia kuu. Wakampa kazi ya kusogeza mabehewa matupu yadini, kwenye uwanja wa stesheni, mbele kidogo, nyuma kidogo, kutwa nzima. Na mkaguzi akasema mbele ya watu kwamba isipothibitika vinginevyo, Mama Kibao harudi njia kuu mpaka astaafu. Wifi alivua glavu zake taratibu, akazikunja, akanitazama.

"Haya, wifi," akasema. "Nimekuwa msukuma toroli."

Yeye hakulia. Nililia mimi, tena kwa hasira, mbele ya mafundi wote, na wala sikuona haya.

Hasira yangu ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni udugu. Ya pili ni kwamba mimi ni mhandisi wa karakana hiyohiyo, na kichwa alichokuwa anaendesha kiko mikononi mwangu. Tunakiita Bibi Harusi, maana huwa kinachelewa na kila mtu lazima akisubiri. Tumboni mwake mna sanduku la chuma refu kuliko kabati la nguo, limejaa swichi kubwa za umeme. Hilo sanduku ndilo kazi yangu.

Niwaelezeni kidogo, haiumi. Mota za treni zinataka umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini, kama wimbi. Sisi wimbi hatuna. Tuna swichi tu: washa, zima, washa, zima. Basi swichi zinaukata umeme vipandevipande, pigo pana hapa, pigo jembamba pale, na mota inavijumlisha yenyewe na kujiona imepewa wimbi. Ni ulaghai, lakini ulaghai wa halali.

Shida ni kwamba swichi zetu zinabeba umeme mwingi, na kila zinapowaka na kuzima zinapata joto. Ukizidisha mapigo, zinaungua. Mkuu wa karakana, mzee mwenye kitambi na roho nzuri, alishawahi kubisha. "Ongezeni mapigo, mota itatulia," akasema. Tukaongeza. Mota ilitulia kweli, ikawa inanguruma kwa upole utadhani paka aliyeshiba. Halafu sanduku likafuka moshi, na karakana ikanuka vibaya hivi kwamba mume wangu alinizuia mlangoni nivue ovaroli nje.

Tukarudi kwenye mapigo machache. Bibi Harusi akienda polepole, tunampa mapigo tisa kwa kila wimbi. Akichanganya mwendo, matano. Na mapigo yakiwa machache namna hiyo, kila moja lazima likae mahali pake hasa. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kila mara, hata ukikosea kidogo haisumbui. Ukimsukuma mara chache, usukume panapostahili, la sivyo utamwangusha.

Basi nikalisaka kosa. Nililifungua sanduku lote, nikapima swichi moja baada ya nyingine, nikaendesha mota karakanani kutoka mwendo wa kobe hadi mwendo wa mwisho. Hakuna kitu. Sanduku safi, mota safi. Nikarudia. Safi tena! Nilitamani nilikute limevunjika, nikawa kama mgonjwa anayeumwa halafu anaambiwa na kila daktari kwamba ni mzima. Mkuu wa karakana akaanza kunionea huruma, na huruma ni kitu nisichokipenda hata kidogo.

"Mama," akaniambia, "labda wifi yako siku ile alijisahau."

"Labda wewe," nikamjibu. Tukaachana hapo.

Siku ya mapumziko wifi akaja kwetu kula. Baada ya chakula tukaingia jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hana raha mpaka awe na kitambaa mkononi, alikuwa sebuleni anapinda suruali ya mtu.

"Wifi," nikasema, "hebu niambie tena. Kabla hakijakatika, ilikuwaje?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Hata yule bwana wako mkaguzi nilimwambia, akakataa."

"Bwana wangu ni huyo anayepinda suruali. Mkaguzi alikataa nini?"

"Alinikataza kuimba."

Hapa lazima nieleze. Madereva wa stesheni yetu wana tabia yao. Wakipokezana kichwa cha treni, hawasemi mota fulani ina kasoro fulani. Wanaimba. Anayeshuka anaitoa sauti ya mota kwa mdomo, kama alivyoisikia njiani, anayepanda anatikisa kichwa na kwenda zake. Sisi wa karakana tunasimama mbali na spana zetu, hatuna habari nao. Kumbe kwenye uchunguzi wifi alianza kuitoa sauti ile, na mkaguzi akamkatiza: "Mama, hapa ni baraza, si kwaya. Sema kwa maneno." Wifi akatafuta maneno, akapata moja tu. Akasema Bibi Harusi alikuwa anaguna. Mkaguzi akaandika anaguna, akafunua ukurasa.

"Niimbie mimi," nikasema.

"Aka! Nina povu mpaka kwenye viwiko."

"Imba, wifi, nisije nikakuloweka mzima."

Akasimama wima kama yuko kwenye usukani wake, povu linamdondoka. Akaanza na sauti nyembamba, wiiiii, ya Bibi Harusi akija tambarare. Sauti ikaanza kushuka, maana sasa anapanda. Nikaijua: ni mapigo matano hayo. Kisha ikawa wiii, ngo, wiii, ngo, wiii, ngo, nyembamba na nene, nyembamba na nene, huku akipiga teke la nyuma kwenye kabati kila sauti ilipogeuka, kuonyesha jinsi treni ilivyokuwa ikimpiga mgongoni.

Sahani ikaniponyoka.

"Nini hicho?" mume wangu akauliza toka sebuleni.

"Kosa!" nikapiga kelele. "Nimelipata!"

"La kwangu au la nani?"

Sikumjibu. Nilimshika wifi mabega, povu na yote. "Hapo penye wiii, ngo, ulikuwa mwendo gani?"

"Kibao cha pale kinasema ngapi?"

"Arobaini."

"Basi ni arobaini. Unaniuliza mimi?"

Jamani, nilikaa chini kwenye sakafu, katikati ya vipande vya sahani. Maana sanduku langu lilipangwa na waliolitengeneza hivi: juu ya arobaini, mapigo matano, chini ya arobaini, mapigo tisa. Mpaka mmoja, mwembamba kama uzi. Waliolitengeneza walipenda namba isiyo na mkia. Na waliochomeka kibao kilimani, watu wengine kabisa, nao wakapenda namba ileile. Karakanani mota inaupita mpaka huo kufumba na kufumbua, nani atauona? Na madereva wengine wote, nyinyi hamuwajui, mimi nawajua: wanakivamia kile kilima kwa hamsini na zaidi, wanamwomba Mungu, wanapita. Hakuna anayekaa pale kwenye arobaini.

Isipokuwa mmoja.

Yeye akaishika arobaini, akaing'ang'ania. Mwendo ukishuka punje, sanduku linaruka kwenye tisa. Ukipanda punje, linarudi kwenye tano. Na kila kuruka ni teke. Teke moja si kitu. Lakini mateke yakifuatana, na mabehewa yamening'inia kilimani, viungo vinavutwa na kulegea, vinavutwa na kulegea, mpaka kimoja kinasema basi. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, na mwizi wetu tulimkamata kwenye arobaini hasa.

Nilipomaliza kumweleza, wifi alinitazama pale sakafuni.

"Kwa hiyo," akasema, "ningevunja sheria kama wenzangu, kiungo kisingekatika."

"Kisingekatika."

"Na wameniadhibu kwa pupa."

"Wamekuadhibu kwa utii, wifi yangu."

Akacheka. Tangu wamtoe njia kuu sikuwa nimemsikia akicheka, na alicheka mpaka akashika sinki. Halafu akajifuta mikono kwenye gauni langu, si lake, langu, akasema: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Una ufunguo wa karakana au huna?"

Siku ya kazi nilimwita mkuu wa karakana aje ashuhudie. Nilikuwa nimeunga mota mbili uso kwa uso, moja ivute, nyingine iizuie, ili nipate kilima changu mwenyewe pale sakafuni. Nikaipandisha taratibu mpaka mwendo sawa na ule wa arobaini, nikaiacha hapo. Mota ikaanza wiii, ngo, wiii, ngo. Spana zikaanza kutembea mezani, moja ikaanguka, ya pili ikaifuata, na kalenda ikadondoka ukutani.

"Zima! Zima, mama, utatubomolea paa!"

Nikazima. Mkuu alikuwa ameikumbatia kofia yake ngumu kifuani.

"Nani alijisahau?" nikamuuliza.

"Nimekoma," akasema, na nampendea hilo. Mzee akikoma, amekoma.

Kurekebisha ikawa raha ya kazi yangu. Kwanza nikautenganisha ule mpaka, ukawa miwili. Treni ikipanda mwendo, isiingie kwenye matano mpaka imevuka arobaini vizuri. Ikishuka, isirudi kwenye tisa mpaka imeshuka chini ya thelathini na tano. Hapo katikati ibaki na mapigo iliyonayo, isihangaike. Lakini hiyo ilikuwa nusu. Kile kilima kina kona, na kwenye kona mwendo lazima ushuke, kwa hiyo kugeuza kutakuwepo, mara moja, mahali pabaya kuliko pote. Na pale juu, viungo vimekazika kuliko popote, hata teke moja lingetosha kutuumbua.

Nikarudi kwenye bembea yangu. Ukitaka kumpokeza mwenzio kumsukuma mtoto, unampokeza wakati bembea iko juu, imetulia kidogo, si wakati inakuja kwa kasi. Nikachora wimbi la mapigo tisa juu ya wimbi la mapigo matano, nikatafuta pale mota inapopewa sawasawa na yote mawili. Nikalifundisha sanduku lisubiri hapo, hapo tu, ndipo ligeuze. Mapigo hayakuongezeka hata moja. Swichi zikabaki baridi, na mkuu akazigusa kwa kiganja, akatabasamu mpaka gego likaonekana.

Mkaguzi akaja, akatazama mota zikizunguka kimya, spana zimelala mezani.

"Karakana si kilima," akasema.

Ebo! Nilifungua mdomo, wifi akanikanyaga mguu. "Kweli, bwana mkaguzi," akasema yeye. "Twende kilimani."

Akakubali, lakini kwa sharti. Mzigo uleule wa saruji, dereva yuleyule. Kiungo kikikatika tena, au hata kikipinda, Mama Kibao anarudisha leseni siku hiyohiyo, hata yadi asiione. Nilimtazama wifi. Alikuwa anavaa glavu.

Asubuhi ya safari alipanda Bibi Harusi na kikombe chake cha chai, kimejaa mpaka ukingoni, akakiweka juu ya meza ya usukani. Mkaguzi akakiangalia.

"Kitamwagika hicho."

"Tutaona," akasema wifi.

Tambarare tulikwenda vizuri, wiiiii, nyembamba na safi. Kilima kikaanza. Mwendo ukashuka, hamsini, arobaini na tano. Kibao cha arobaini kikapita dirishani. Wifi akasogeza mpini wa nguvu kidogo tu, sindano ya mwendo ikatua kwenye arobaini, ikatulia. Nikasikiliza. Wiiiii. Haikugeuka. Nyuma yetu saruji yote ile inavuta kwenda chini, na Bibi Harusi anaimba sauti moja.

"Wenzako hapa wanaongeza," mkaguzi akasema. "Ongeza upite haraka, tusije tukakwama."

"Kibao kinasema arobaini."

"Ukikwama ni juu yako!"

"Ni juu yangu tangu zamani, bwana mkaguzi."

Kona ikaja. Magurudumu yakaanza kulia kwenye reli, mwinuko ukazidi, sindano ikaanza kushuka yenyewe. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Nilishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Kama nimekosea hesabu, nimemkosesha wifi yangu kazi kwa mkono wangu, na kwa mdogo wake nitarudi na uso gani? Thelathini na tano. Nikafumba macho.

Wiiiii ikawa ngooooo.

Mara moja tu. Kama mtu aliyehamisha mzigo toka bega hili kwenda bega lile bila kusimama. Nikafumbua macho, nikatazama kikombe. Chai ilitikisika katikati, kiduara kimoja, ikatulia. Tone halikumwagika. Bibi Harusi akakaza mwendo kwa mapigo yake tisa, ngooooo, akamaliza kona, mabehewa yote yakamfuata moja baada ya moja, na kilele kikatufungukia na mbingu yote.

Pale kileleni pana kibao cha piga honi. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna hata mbuzi. Wifi akapiga honi. Akaipiga ndefu kuliko siku zote, na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likauma, na sijali nani alisikia.

Tuliposimama stesheni ya juu, mafundi wakakagua viungo vyote. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichopinda. Mkaguzi akasikiliza taarifa yao, akarudi ndani kwa Bibi Harusi, akaketi tena kwenye kile kiti cha kukunja. Akafungua kalamu.

"Utaanza njia kuu kesho," akamwambia wifi. Hakumtazama. "Nami nitaifuta ile pupa. Nilikosea."

"Asante, bwana mkaguzi."

"Sasa nahitaji kuandika. Pale kwenye kona, ilikuwaje?"

Wifi akachukua kikombe chake, akanywa funda la chai iliyopoa, akakirudisha mahali pake.

"Unataka niseme kwa maneno?"

Mkaguzi aliitazama karatasi yake tupu. Kisha akaifunika kalamu, akaitia mfukoni, akakunja mikono.

"Hapana," akasema. "Imba, Mama Kibao."

Akaimba, kuanzia tambarare mpaka kileleni. Alipoombwa arudie, haki ya Mungu naapa, mkaguzi alimwitikia.